Makawa ya Bi Kazija

Jumamosi, 20 Ramadhani 1344

Tambi hazikauki. Leo siku ya pili nimezianika chini ya paa la jiko na mvua haikatiki. Nimewasha moto wa makumbi, nikapanga nyungo kuuzunguka. Sasa zinanuka moshi. Vidole vinauma kwa kusokota. Sitasokota tena, hizi zinatosha.

Baba Zuhura amemaliza mbuzi ya kukunia nazi. Ameichonga kwa mfenesi, kiti chake kipana kuliko cha kwangu. Nikamuuliza mbona pana hivyo. Akasema mwenye tumbo kubwa hakai juu ya ubao mwembamba. Kisha akajifanya anatafuta patasi yake. Anamwonea haya mwanawe hata akiwa hayupo.

Vitu vya Zuhura nimevikusanya pembeni mwa ukumbi. Mbuzi. Kifumbu cha kuchujia tui. Pawa mbili na miiko. Sufuria ya shaba ya marehemu mama yangu, nimeipeleka ikapakwe bati, imerudi inang'aa. Ameolewa Mfungo Tatu uliopita, hii ndiyo sikukuu yake ya kwanza akiwa na jiko lake kule Makoongwe. Mama mtu humtilia mwanawe jiko. Mimi ndiye mama mtu.

Jumatatu, 22 Ramadhani

Bi Time kaja baada ya alasiri. Nilikuwa namenya muhogo wa futari. Akakaa kizingitini, akazungumza habari za mvua, nikajua ana neno.

Kazija anakuja kula Idi kwake. Ni binamu yake, na nyumba ya Bi Time iko nyuma ya yetu, kwa hiyo siwezi kusema asije. Kazija ndiye aliyemzaa Zuhura. Aliachwa mtoto akiwa hajatimiza miaka minne, kaka zake wakamchukua kwao Makangale, akaolewa huko. Mtoto akabaki kwa baba yake. Mwaka uliofuata nikaolewa mimi hapa Gombani. Mtoto nikamkuta. Mungu hakunipa mwingine.

Neno lenyewe ni hili. Kazija anataka Zuhura akajifungulie Makangale. Bi Time alisema, "Si unajua, mimba ya kwanza mtu huzalia kwa mama yake." Alilisema mbele yangu wala hakuona kitu.

Nikamwambia nimesikia. Muhogo niliukata vipande vidogo mno, wote ukavurugika ndani ya tui. Tumefuturu rojo.

Jumanne, 23 Ramadhani

Nimemwambia Baba Zuhura aliporudi tarawehe. Akasema hapana. Kisha akaomba maji.

Nilifurahi. Naandika hivyo hivyo ilivyo. Mwezi wa toba huu, na mimi nilifurahi.

Alhamisi, 25 Ramadhani

Zuhura amefika. Amekuja na mashua mpaka bandari ya Chake, kisha punda. Mumewe Kombo atamfuata siku ya mwisho, anamalizia mitego yake. Tumbo limeshuka mbele, anatembea kama aliyebeba mtungi. Uso umenawiri. Hafungi, nimemkataza, na mumewe alikwisha kumkataza kabla yangu. Nimempenda kijana kwa hilo.

Ameviona vyombo. Akakaa juu ya mbuzi, akatikisa miguu kama mtoto, akasema baba kamjua. Baba yake alikuwa barazani, akakohoa.

Sijamwambia.

Ijumaa, 26 Ramadhani

Sijamwambia. Nimepika magimbi ya nazi na papa mkavu, anavyopenda. Kala mara tatu. Kila akiinua kichwa nilitazama pengine.

Jumamosi, 27 Ramadhani

Nimemwambia. Tulikuwa tunachagua mchele wa sikukuu. Nikamwambia mama yake anakuja, na anachokitaka. Sikuongeza wala sikupunguza. Nilihakikisha sauti haibadiliki.

Akachagua mchele mpaka ungo ukaisha. Kisha akauliza, "Yukoje?"

Sijapata kumwona Kazija hata siku moja, wala yeye hamkumbuki. Watu wawili tunamngoja mtu mmoja na hatujui sura yake.

Jumatatu, 29 Ramadhani

Amekuja.

Nilidhani mwanamke mrefu. Ni mfupi, mwembamba, mdogo kwangu kwa umri. Buibui lake limeloa mpaka magotini. Bi Time alimleta kwa mlango wa uani. Akanishikia mkono kwa mikono miwili, akasema, "Nashikamoo, Bi Salama." Mimi mke aliyekuja baada yake. Nikaitika marahaba, ningefanyaje.

Zuhura alitoka chumbani. Wakatazamana. Pua moja. Sikuwa nimejua ile pua imetoka wapi, miaka yote hii nilikuwa nadhani ni ya Zuhura peke yake.

Hawakukumbatiana. Zuhura alimpa mkono akamwita "Bi Kazija". Nilifurahi tena, kisha nikamwona Kazija alivyokaza midomo, furaha ikanitoka.

Amekuja na mzigo umefungwa kwenye mkeka. Hakuufungua. Baba Zuhura hakuingia ndani mpaka Kazija alipoondoka.

Mwezi haukuonekana. Mawingu. Kesho tunafunga.

Jumanne, 30 Ramadhani

Siku ndefu, nitaandika nitakavyoweza. Nyumba inanuka ngano na samli.

Kazija alikuja asubuhi, akauliza afanye nini. Nilitaka kumwambia akae. Lakini bokoboko ilikuwa tayari motoni, ngano imepasuka, nyama imelainika, na bokoboko haipigwi na mkono mmoja. Nikampa mwiko. Alipiga kwa mikono yote miwili bila kuinua uso. Alipochoka nikapiga mimi. Nilipochoka akaupokea. Tukaenda hivyo. Zuhura alikuwa kitandani, mgongo unamuuma.

Vidole vya Kazija vimekatikakatika. Ni kwa ukili wa kusukia. Nikamuuliza anasuka nini huko. Akasema makawa.

Kisha akasema, "Bi Salama, mie sikuja kukunyang'anya."

Nikamwambia, "Mkono umechoka. Lete mwiko."

Aliufungua mzigo jikoni. Kulikuwa na makawa, moja ndani ya jingine. La juu kubwa, la kufunikia sinia ya wageni, lina nyekundu na zambarau. Chini yake dogo kidogo, chini yake dogo zaidi. Alikuwa akiyatoa moja moja na kuyaweka sakafuni. La mwisho liliingia kwenye kiganja changu.

Akaniambia kila Ramadhani alimsukia mwanawe kawa, ili Idi naye awe na kitu alichomfanyia. Kisha hakuwa na pa kulipeleka. Mwaka wa kwanza alikuja nalo, lile dogo, kwa miguu kutoka Makangale. Mama mkwe alimrudisha mlangoni. Akamwambia mtoto amekwisha kusahau, asimfungue kidonda. Hakuja tena. Aliendelea kusuka tu, na kila mwaka aliliongeza upana, kwa kukisia chungu anachoweza kukipika mtoto wa umri ule.

Sikuyajua haya. Marehemu mama mkwe hakunambia. Baba Zuhura sidhani kama anajua.

Nikalishika lile dogo. Nikamuuliza hili ni la chungu gani.

Akasema, "Alikuwa wa miaka mitano. Nilisema hapo ameanza kupika mchanga."

Ni kweli. Mwaka ule alikuwa akipika mchanga nyuma ya jiko hili hili, kwenye vifuu vitatu. Nikamwambia Kazija. Nikamwambia alikuwa akivifunika kwa jani la mgomba.

Akaniuliza, "Bichi au kavu?"

Nikasema bichi. Alikuwa akilikata kwa kuruka.

Hapo alilia, na mimi sikuweza kupiga bokoboko. Ikashika chini kidogo. Nimekwangua.

Tangu hapo aliuliza kila kitu. Jino la kwanza kung'oka. Kama aliogopa radi. Nani alimsuka nywele siku ya kwanza ya chuoni. Nilimjibu yote. Sikujua kama ninayo mengi hivyo. Nilikuwa nimeyakalia kama mali yangu, na mwenzangu hakuwa na hata moja.

Jingine. Nilipomtazama anaosha mchele wa pilau, anavyoinamisha beseni na kulizungusha, nikamkumbuka. Harusini kwa Zuhura alikuwapo mwanamke mmoja kwa wapishi, kajifunga ukaya usoni, kaosha mchele wote na kuondoka kabla ya chakula. Kila mmoja alidhani ni wa upande wa pili. Nikamuuliza. Akaitikia kwa kichwa.

Jumatano, 1 Mfungo Mosi. Idi

Mvua ilikatika wakati wa sala. Wanaume wamerudi na kanzu safi, vifundo vya miguu vina tope. Kombo yupo, kaja na samaki wawili wakubwa, changu. Tambi zina harufu ya moshi lakini zimekwisha zote, Kombo karamba sahani.

Zuhura aliyapanga makawa juu ya kila chombo. Bokoboko, pilau, mkate wa kumimina, tambi. Lile dogo alilifunika juu ya kibakuli cha sukari. Hakuwa ameambiwa na mtu afanye hivyo. Nilikuwa nimemsimulia usiku habari zake, alisikiliza amejifunika shuka usoni.

Baba Zuhura alipoletewa sinia alilitwaa lile dogo. Yeye fundi, anaujua mkono wa mtu. Aligeuza nje, akageuza ndani, akapitisha kidole kwenye mshono. Nikamwambia lilivyorudishwa mlangoni na marehemu mama yake.

Baada ya adhuhuri maneno yalisemwa. Kazija alikaa ukumbini nyuma ya pazia, Baba Zuhura barazani, Kombo pamoja naye. Bi Time yupo, mimi nipo.

Kazija alisema, "Sikuja kumchukua. Nimekuja kumwomba. Akishatimiza arubaini arudi kwa wenyewe."

Baba Zuhura alisema njia mbaya, masika, mtoto wa watu ana mume. Kombo akasema kwa adabu kwamba yeye ataridhika popote mkewe atakapotulia. Baba Zuhura akasema tena hapana, lakini safari hii halikutoka kama lile la kwanza.

Nikasikia sauti yangu. "Baba Zuhura, mwache aende."

Aligeuka. "Weye ndiye unayesema?"

Nikasema ni mie.

Akainuka akaenda bandani kwake kwenye mbao. Alikaa huko mpaka alasiri. Sikusikia nyundo. Aliporudi alisimama mlangoni kwa jiko, mahali ambapo haji, akaniambia polepole, "Sikujua kama mama alimfukuza." Kisha akasema basi aulizwe Zuhura mwenyewe.

Sijui kwa nini nilisema vile. Naam, najua. Lakini nasikia baridi.

Alhamisi, 2 Mfungo Mosi

Zuhura alikuwa anakuna nazi, kakalia mbuzi yake mpya. Mimi nachuja tui. Akauliza bila kunitazama.

"Mama, nikienda utasema nimekukimbia?"

Nikasema sitasema.

"Na moyoni?"

Nikamwambia moyoni nitalia, kisha nitanyamaza.

Akakuna mpaka kifuu kikawa cheupe. Akasema anataka kumjua kabla hajawa mama yeye mwenyewe, kwa sababu baadaye hatakuwa na nafasi. Nikaona ana akili kuliko sisi wote. Nikamwambia aende.

Ameamua.

Jumamosi, 4 Mfungo Mosi

Wameondoka. Mashua mpaka pwani ya Makangale, kutoka hapo kaka zake Kazija watampokea na kitanda wambebe mpaka nyumbani. Kombo kawasindikiza. Nimewafungia visheti na kuku wa kukaanga. Vyombo vya jikoni vinakwenda Makoongwe kumngoja, ila sufuria ya shaba, ile nimempa aende nayo. Maji ya mzazi yachemshiwe humo.

Kazija alinishika mikono miwili kama siku ile. Zuhura alinikumbatia ubavuni, tumbo haliruhusu mbele. Mtoto akanipiga teke. Nililisikia.

Jumapili, 5 Mfungo Mosi

Nimefagia. Nimepika wali wa watu watatu.

Jumanne, 14 Mfungo Mosi

Salamu kutoka Makangale kwa mdomo wa mchukuzi wa magogo. Zuhura mzima. Bi Kazija anauliza, mtoto hataki kula, ampe nini? Nikatuma jibu: samaki wa kukausha kwa moto, asitiwe bizari, na embe mbichi yenye chumvi. Mchukuzi nikamrudisha kutoka njiani nikaongeza: asilazimishwe.

Alisema "mtoto". Akimaanisha Zuhura. Sisi wote wawili bado tunamwita hivyo.

Baba Zuhura anachonga susu ya kumlazia mtoto mchanga. Hasemi ya nani.

Ijumaa, 9 Mfungo Pili

Mzee Faki, mume wa Kazija, kafika kabla ya sala ya Ijumaa, hana hata kiatu. Uchungu umeanza tangu juzi na mtoto hatoki. Mkunga amefanya yake. Zuhura ananiita. Mzee Faki alisema, "Bi Kazija kaniambia nisirudi bila yako."

Siwezi kufunga kanga. Baba Zuhura ndiye aliyenifungia kibunda. Naondoka na Mzee Faki sasa hivi. Ee Mungu, usimchukue. Nilimtoa kwa hiari yangu, usinilipe hivi.

Jumapili, 11 Mfungo Pili. Makangale

Mzima. Wazima wote.

Nilipoingia alikuwa ameshika kamba ya darini, macho yamezama. Kazija alikuwa nyuma yake amemkumbatia kiunoni. Hakuondoka ili anipishe wala sikumtaka aondoke. Nikakaa mbele, nikampa Zuhura mabega yangu ayashike. Mkunga, Bi Mwanakombo, akasema sasa mtu huyu ana ukuta mbele na ukuta nyuma, na asukume. Akasukuma. Akaita "mama" na sisi wawili tukaitika kwa pamoja, na yule mkunga akacheka katikati ya kazi.

Mtoto wa kike. Alitoka amenyamaza. Bi Mwanakombo akampiga mgongoni, akampulizia, akampiga tena. Sijui ilikuwa muda gani. Kazija alikuwa amenishika mkono, kucha zake zimeacha alama hapa. Kisha mtoto akalia, kwa hasira, kama aliyeamshwa.

Zuhura katokwa na damu nyingi, lakini imekatika. Amelala. Nimekaa naye.

Jumatatu, 12 Mfungo Pili

Kombo na Baba Zuhura wamefika. Baba Zuhura kaadhini upya sikioni mwa mjukuu, ingawa Mzee Faki alikwisha kuadhini. Mzee Faki hakukasirika. Wameketi barazani wawili, wanazungumza habari za mbao za msituni, ipi huliwa na mchwa na ipi hailiwi. Hawana jingine la kuzungumza na hilo linawatosha.

Niliingia jikoni kwa Kazija kusaidia. Mafiga yake yako chini sana, kuni zake mbichi. Nilianza kusema, nikanyamaza. Akaniona. Akaniambia, "Sema tu, Dada."

Nikasema. Tukayapanga upya.

Alhamisi, 15 Mfungo Pili. Makangale

Asubuhi. Mvua nyembamba, inasikika kwenye miti ya msitu wa Ngezi kabla haijafika kwetu. Wanaume wamekwenda pwani kutafuta samaki.

Uji wa mzazi nimeuweka motoni, pilipili manga na samli, mzito wa kushika upawa. Leo ni zamu ya Kazija kupika, lakini alikesha na mtoto, nikamwambia alale.

Amelala. Kajinyoosha ubavuni mwa Zuhura, mkono umeangukia kwenye kanga ya mwanawe. Mtoto yupo katikati yao, kakunja ngumi. Wote watatu pua ile ile.

Uji umeiva. Nimeutoa motoni, nimeufunika. Siwaamshi.